Pesa ya uzee ya yaya, na swali la baba

Picha iliingia kwenye simu jioni, nikiwa bado ofisini nafunga mishahara ya mwezi. Barua ya kurasa mbili, imepigwa juu ya meza ya jikoni huko Sheffield, pembe moja imefunikwa na kikombe cha chai. Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka yangu mkubwa, alikuwa amezungushia duara jekundu mstari mmoja tu: pauni 58,000 na ushee. Chini ya picha kulikuwa na sauti yake.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi. Pesa hii ni yangu, wako tayari kuihamisha. Niichukue?"

Ukifanya kazi ya mishahara Lubumbashi, ukoo mzima unakuletea karatasi zake: barua za benki, dekonti finale za mashemeji (hesabu za mwisho za anayeacha kazi), mikataba ya nyumba. Nyingi ninazijibu siku hiyohiyo. Hii ilinikaa kichwani wiki nyingi, na bado sijamaliza kuifikiria ninapoandika hapa.

Yaya aliwahi kufanya kazi kiwandani kwa miaka yake ya kwanza Uingereza. Sasa anaendesha basi. Kile kiwanda kilikuwa na mfuko wa pensheni wa aina ya zamani: wanahesabu miaka uliyotumika na mshahara wako wa mwisho, na ukifika miaka 65 wanakulipa kila mwaka mpaka ufe, huku malipo yakiongezwa kidogo kidogo bei zinapopanda. Kwake yeye ni kama pauni 4,000 kwa mwaka. Alipoacha kazi, ahadi hiyo haikufutwa. Imelala, inamngoja. Lakini sheria ya kule inampa aliyeondoka haki nyingine: anaweza kuuliza ahadi yake ikigeuzwa pesa leo inakuwa kiasi gani, kisha akaihamishia kwenye mfuko mwingine.

Lile duara jekundu ndilo jibu la swali hilo.

Na yaya alikwisha kuipangia kazi pesa hiyo. Kiwanja upande wa barabara ya Kasumbalesa, vyumba vya kupangisha, choo cha ndani, tangi la maji juu. Alikuwa amechora hata mlango.

## Ahadi moja, bei mbili

Nilimwomba atafute barua nyingine yoyote aliyowahi kupata kutoka kwenye mfuko huo. Akapata moja ya mwaka 2021, ameihifadhi ndani ya bahasha ya pasipoti. Ile ilisema pauni 110,000.

Ahadi ileile. Kiwanda kilekile. Miaka ileile ya kazi. Bei imeshuka karibu nusu.

"Wameniibia," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli, si ya mtu anayepanga kujenga.

Ilinichukua muda kuelewa mpaka niweze kumweleza. Thamani ya kuhamisha si akiba iliyokaa kwenye sanduku lenye jina lako. Ni hesabu. Mtaalamu wa mfuko anajiuliza: ili nimlipe mtu huyu pauni 4,000 kwa mwaka kuanzia miaka 65 mpaka kifo chake, nahitaji kuwa na kiasi gani leo, nikikiweka kwenye hatifungani za serikali, yaani nikiikopesha serikali, kikazaa riba? Riba ikiwa ndogo, kinahitajika kiasi kikubwa, kwa sababu pesa haitakua sana njiani. Riba ikipanda, kiasi kidogo kinatosha kufika palepale.

Karibu mwaka wote wa 2021 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1. Kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Katikati yake, Septemba 2022, soko la hatifungani za serikali ya kule lilitikisika vibaya baada ya bajeti ambayo wawekezaji hawakuiamini. Thamani za kuhamisha zikaporomoka katika mifuko mingi. Lakini pensheni yenyewe, zile pauni 4,000, haikuguswa na lolote kati ya hayo.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo kisha akasema kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Kama bei inaweza kushuka nusu, basi kesho inaweza kushuka tena. Si afadhali niichukue leo ikiwa bado ipo?"

Mtu yeyote aliyekulia hapa angeuliza hivyo. Mimi mwenyewe neno "chukua" lilikuwa tayari mdomoni.

## Kitabu cha baba

Kwa sababu sisi tunajua ahadi zinavyokufa.

Baba ana kitabu chake cha kazi cha zamani, jalada la kijani limegeuka rangi ya udongo, ndani mihuri ya miaka ya themanini, na kila mshahara umeandikwa kwa zaire, pesa yetu ya wakati ule. Tarakimu zimeandikwa kwa mkono mzuri wa karani wa wakati ule, zimenyooka kama zimepangwa kwa rula. Nilikaa nazo jioni moja na kikokotoo.

Mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka: moja kwa zaire mpya laki moja. Zidisha. Franka moja ya 1998 ni zaire za zamani bilioni 300. Michango yote ya baba ya miaka ile, ukiijumlisha kuanzia muhuri wa kwanza mpaka wa mwisho, haifiki hata senti moja ya franka moja.

Watu waliokwisha kustaafu wakati huo walikwenda kupokea pensheni ambayo haikununua kilo ya unga. Wazee wa mtaa wetu hawakuhitaji kuelezwa mfumuko wa bei ni nini. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anapoambiwa kwamba kampuni fulani itamlipa miaka kumi na sita ijayo, akili yake inakimbilia kwenye kitu anachoweza kushika: tofali, kiwanja, dola ndani ya godoro. Sitamcheka mtu huyo, na simruhusu mtu mwingine amcheke mbele yangu.

Nilikuwa na kitabu hicho magotini nilipoona jambo ambalo sikuwahi kulitazama.

Baba analipwa pensheni. Ndogo, lakini analipwa. Inawezekanaje, kama michango yake yote haifiki senti?

Inawezekana kwa sababu pensheni yake haikuhesabiwa kwa lundo la zaire alizochanga. Ilihesabiwa kwa miezi aliyochangia na kwa wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho kabla ya kustaafu. Zaire zilikufa. Miezi haikufa. Ule muhuri wa 1984 ulibaki kuwa mwezi mmoja, na mwezi mmoja una uzito uleule chini ya pesa yoyote ile.

Fikiria sasa kama mtu angemwambia baba mwaka 1990: tukuhamishie thamani ya ahadi yako leo, pesa taslimu, mkononi. Angepewa zaire. Miaka mitatu baadaye angekuwa na karatasi.

Hapo neno "chukua" likaanza kunikaa vibaya mdomoni.

## Swali lake

Jumapili tulikula kwa wazazi, bukari (ugali) na samaki wa kukaanga, na baada ya chakula nikamweleza baba habari ya yaya tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza:

"Hiyo ya kila mwaka, inaisha lini?"

"Haina mwisho, baba. Mpaka afe. Na mkewe anaendelea kupata sehemu."

"Na hii ya duara?"

"Hii itaisha siku ikiisha. Inategemea anaiweka wapi, na anaishi miaka mingapi."

"Nani anajua ataishi miaka mingapi?"

Mama alijibu kabla yangu: hakuna. Baba akasema basi mtu anayenunua ahadi hiyo kutoka kwa mtoto wake ananunua kitu ambacho mtoto wake hawezi kukipima, na bei anaipanga mnunuzi.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko barua yenyewe. Mfuko wenye watu maelfu unaweza kubeba kutojua. Mmoja atakufa na miaka 66, mwingine atafika 97, na wastani wao unajulikana. Mtu mmoja hana wastani. Akishahamisha, mzigo wote wa kuishi sana unakuwa wake peke yake, pamoja na mzigo wa soko kushuka na mzigo wa kuchagua vibaya. Hii ndiyo sehemu ambayo barua haiwezi kuzungushia duara, kwa sababu haina tarakimu.

Lakini upande wa pili una nguvu, na haki inataka niuseme. Ndugu wawili wa baba hawakufika miaka 65. Yaya akifa akiwa na miaka 60, ile ahadi itampa mjane wake sehemu tu, na watoto waliokwisha kukua huenda wasipate kitu. Pesa iliyohamishwa ingebaki na kuwaendea. Kwa mtu mwenye ugonjwa mzito, au asiye na mke wala mume, kuhamisha kunaweza kuwa uamuzi bora kabisa. Nimewaza juu ya baba zangu wadogo wale wawili usiku zaidi ya mmoja, na sikuweza kumwambia yaya kwamba hofu yake ni ya bure.

Kitu kimoja ningeweza kumtoa hofu nacho: kiwanda kufa. Alidhani kampuni ikifunga milango, pensheni yake inazikwa nayo. Tangu 2005 kule kuna mfuko wa ulinzi unaochukua pensheni za aina hii mwajiri anapofilisika. Aliyefikia umri wa kustaafu analindwa kwa pensheni yake yote. Ambaye bado hajafika anapata kwa kawaida asilimia 90. Ningependa tungekuwa na kitu kama hicho hapa.

## Watu wa shaba na watu wa chuma

Hapa mjini hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa watu waliopewa pesa ya mkupuo wakaambiwa waondoke.

Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikia hata sehemu ya kumi ya hiyo. Wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, na watu zaidi ya 10,000 wakatia sahihi. Wengi walikuwa wamefanya kazi tangu ujana wao, katika nyumba za kampuni, watoto katika shule za kampuni, hospitali ya kampuni. Walipokea malipo ya mara moja. Baadaye kundi la wafanyakazi hao lilifikisha malalamiko mpaka kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe, likidai kwamba walicholipwa hakikulingana na walichostahili.

Sitaki kuandika historia yao yote. Kila familia ya hapa ina kipande chake. Ninachotaka ni kuuliza ile "hiari" ilikuwa ya namna gani. Mtu ambaye hajalipwa kwa mwaka na zaidi, anadaiwa karo, mbele yake kuna karatasi na kiasi cha dola: huyo hapimi thamani ya miaka thelathini ijayo. Anapima Jumatatu.

Nilipokuwa nasoma juu ya barua ya yaya nikakutana na watu wa chuma wa Port Talbot, Wales, na nikashangaa jinsi wanavyofanana na watu wetu wa shaba. Mwaka 2017 mfuko wa pensheni wa British Steel ulikuwa unapangwa upya. Wanachama waliambiwa wachague katika muda mfupi. Hawakuiamini kampuni tena. Wakatokea washauri, na mawakala wao, ambao waliwakusanya wafanyakazi na kuwalisha sosoji na chipsi bure huku wakiwaeleza uzuri wa kuhamisha. Karibu watu 8,000 walihamisha pensheni zao. Mamlaka ya fedha ya kule ilipochunguza baadaye, iligundua kwamba karibu nusu ya ushauri uliotolewa haukuwafaa waliopewa. Mwaka 2023 ukaanzishwa mpango maalum wa kuwafidia.

Washauri wengi walikuwa wanalipwa tu ikiwa mteja atahamisha. Akibaki, hawapati kitu. Namna hiyo ya malipo ilipigwa marufuku Oktoba 2020, isipokuwa kwa hali chache. Leo mtu mwenye ahadi ya aina hii inayozidi pauni 30,000 analazimika kisheria kupata kwanza ushauri wa mtaalamu aliyesajiliwa. Yaya alikuwa anaichukia sharti hiyo: kulipa pesa nyingi ili aambiwe afanye nini na pesa yake. Nilimtumia habari za Port Talbot. Alizisoma akiwa kwenye mapumziko ya basi, akaniandikia: "Hawa ni watu kama sisi."

## Ukuta wa umri

Halafu tukagonga kitu ambacho kingetupunguzia mjadala kama tungekijua mwanzoni.

Kuhamisha si kuchukua.

Pesa ikitoka kwenye mfuko wa kiwanda inaingia kwenye mfuko mwingine wa pensheni, na humo imefungwa mpaka mwenyewe afike miaka 55. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 umri huo utakuwa 57. Yaya ana miaka 49. Hata angetia sahihi wiki ileile, asingeona pauni moja ya kununua tofali kabla ya 2033. Vyumba, choo cha ndani, tangi la maji: vyote vingengoja.

Alinipigia simu saa za usiku. Kuna mtu, alisema, wa kundi la watu wa nyumbani walio kule, anajua njia ya kuitoa mapema. Inapita nchi nyingine, kisha inarudi kama mkopo. Anachukua asilimia yake tu.

Nilimwomba asimjibu mtu huyo. Anayetoa pensheni kabla ya umri, bila sababu inayokubalika kama ugonjwa mkubwa, anaweza kutozwa kodi inayofika asilimia 55 ya alichotoa. Na anayetozwa ni mwenye pensheni, si yule mjuzi wa njia. Yeye atakuwa amekwisha kuchukua asilimia yake na kubadilisha namba. Tangu Januari 2019 sheria ya kule inakataza hata kumpigia mtu simu bila kuombwa ili kumuuzia mambo ya pensheni, kwa sababu watu wengi wameumizwa kwa mlango huo. Sheria haikufikiria kwamba simu itatoka kwa mtu anayekuita ndugu, anayezungumza Kiswahili cha Katuba, hapa hapa Lubumbashi, anayejua jina la mtaa wa mama yako.

Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Tunaaminiana kwa lugha.

Barua ile ilikuwa na dhamana ya miezi mitatu: ndani ya muda huo bei haibadiliki. Muda ulipita. Yaya hakutia sahihi. Hakusema kwamba ameamua. Aliacha tu tarehe ipite. Anaweza kuomba bei tena kila mwaka bila kulipa, mpaka abakize mwaka mmoja kabla ya umri wa pensheni yake. Bado anataka kiwanja, na bado tunabishana. Mimi nasema kiwanja kitoke kwenye mshahara wa basi, kidogo kidogo. Yeye anasema mimi sijui bei ya maisha ya Sheffield. Ni kweli sijui.

## Wanaoondoka hapa

Huku kwetu mtu akiacha kazi hapati barua yenye bei. Hakuna thamani ya kuhamisha kwenye CNSS, mfuko wetu wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kinachohama ni matrikule, namba yako ya usajili, na miezi iliyoandikwa chini yake.

Kwenye buletini ya mshahara mstari wa mchango upo kila mwezi: asilimia 5 yako, na mwajiri anaongeza asilimia 5 nyingine kwa ajili ya pensheni. Ndivyo viwango vilivyo chini ya mfumo wa sheria ya 2016, ambao ulifanya INSS ya tangu 1961 iwe CNSS. Ukifika miaka 60 na miezi inayotakiwa, unapata pensheni. Miezi ikipungua, unapewa malipo ya mara moja, na habari imeishia hapo.

Sasa mtazame kijana wa siku hizi. Miezi sita kwa kampuni ndogo inayofanya kazi Fungurume. Mwaka mmoja Kolwezi. Mapumziko. Miezi minane Likasi. Kila ofisi inamwandikisha upya kwa haraka, na ofisi isiyomuuliza kama ana matrikule inamfungulia nyingine. Mmoja wa vijana waliokuja kwetu mwaka huu alikuja na buletini zake zote ndani ya mfuko wa plastiki wa duka. Nilizitandaza mezani. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili, moja na herufi w, nyingine na herufi u. Namba mbili tofauti. Na kampuni moja, ambayo sasa haipo, ilimkata kila mwezi, mstari upo, lakini miezi hiyo haionekani popote kwenye orodha yake ya michango.

Ana miaka 27. Hakuna anayemwona kama mtu aliyepoteza kitu, hata yeye mwenyewe. Aliniuliza kama ni lazima tuyashughulikie mambo hayo leo, kwa kuwa alikuwa na njaa.

Ni lazima. Mashahidi bado wako hai. Mhasibu wa ile kampuni bado anaishi Kampemba na simu yake inaita. Miaka thelathini na tatu kuanzia leo hatakuwepo mtu wa kumuuliza, na kijana huyu atakuwa amesimama mbele ya dirisha na buletini zilizofutika wino, akiambiwa miezi yake haitoshi. Kwa hiyo sasa, kabla sijamkabidhi mtu dekonti finale, ninakaa naye. Namba ni moja au mbili? Jina limeandikwaje? Ameomba orodha ya miezi yake mara ya mwisho lini? Mkuu wangu alilalamika kwamba ninachelewesha watu. Nilimwonyesha mfuko wa plastiki. Hajalalamika tena.

Na siku nilipokuwa nimetandaza zile buletini, nikakumbuka kwamba yaya hakuanzia kazi Uingereza. Kabla ya kuondoka alifanya kazi hapa mjini miaka kadhaa, ana kadi, alikatwa. Katika mazungumzo yetu yote juu ya pauni, hakuna aliyeitaja miezi hiyo, yeye wala mimi wala baba.

Nilimuuliza. Akasema, "Ile ya INSS? Si ilikufa na zaire?"

Nikamweleza habari ya kitabu cha baba.

Anatafuta kadi yake. Mkewe anadhani iko kwenye sanduku lililobaki kwa shangazi, Ruashi, pamoja na diploma. Nimemwomba aniandikie barua ya kuniruhusu kumwakilisha, itiwe sahihi na muhuri kule, ili nikapange foleni CNSS na kuomba orodha ya miezi yake. Shangazi amesema nije Jumamosi asubuhi, kabla hajaenda sokoni, na nije na mtu wa kusaidia kushusha sanduku.